Kicheko cha Bi Aili

Odessa Whitlow aliiona kofia kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa kofia nyekundu ya sufu, imevutwa mpaka masikioni, ikipenya katikati ya safu za viti bila kumwomba mtu radhi. Chini ya kofia ile alikuwa Bi Aili Niemi. Nyuma yake, mrefu, ameinamisha kichwa kama mtu aliyechelewa kanisani, alikuwa Kalle.

"Mungu wangu," Odessa alinong'ona, akateleza kwenye kiti mpaka magoti yake yakagonga kiti cha mbele.

"Nini tena?" Dada yake, Renata, aliinua macho kutoka kwenye karatasi ya ratiba. "Usiniambie unataka kutapika. Nimetoka Detroit siku nzima njiani, theluji inapiga vioo, sijaja huku Hancock kushika ndoo."

"Amekuja."

"Nani?"

"Kalle. Na mama yake."

Renata akageuka mzima mzima, bila aibu hata chembe. "Ndiye yule? Yule mwenye masikio?" Akamkagua polepole, juu hadi chini. "Mh. Sikatai, mabega anayo."

"Geuka, Dada. Nakuomba."

"Mabega lakini si kitu. Hata kabati lina mabega. Kukutetea mbele ya mama yake kulimshinda."

"Dada, hujaelewa." Odessa alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka nje sasa hivi. "Yule bibi wa kwenye mchezo. Yule Hilma. Ni yeye."

"Ni yeye nani?"

"Mama yake Kalle. Nimemwandika yeye."

Renata alimtazama mdogo wake, akaitazama kofia nyekundu, akamrudia mdogo wake. Mabega yakaanza kumtetema. "Odessa. Umemchukua mama mkwe, ukamweka jukwaani, naye amekuja kujitazama kwa tiketi yake mwenyewe?"

"Usicheke."

"Sicheki. Nakuombea."

Taa zikaanza kufifia. Safu tano mbele yao, Kalle alivua koti lake, akageuka kulitundika nyuma ya kiti, na kwa nukta moja tu macho yake yakakutana na ya Odessa. Hakutabasamu. Alimtazama vile anavyotazama mtu aliyekitafuta kitu majira yote ya baridi, akakiona upande wa pili wa barabara, na magari hayaachi kupita. Kisha giza likaingia kati yao.

Watu wa Hancock walimjua Odessa kama mwalimu mgeni aliyekuja chuoni kufundisha uandishi kwa mwaka mmoja, akakaa wa pili, akakaa na wa tatu. Watu wa mbali walimjua kwa vitabu, ila kila kundi lilikuwa na Odessa wake. Wapo waliompenda kwa mashairi aliyoanza nayo akiwa bado binti. Wengi zaidi walimpenda kwa riwaya za upelelezi, ambazo ziliuzwa hadi kwenye viwanja vya ndege. Alipoziacha zikiwa bado moto na kuandika kitabu cha watu wanaoishi kwenye sayari isiyo na usiku, wasomaji wa upelelezi walimtumia matusi. Walipoanza kumzoea huko angani, akateremka akaandika hadithi ya watoto, ya sungura mwenye kigugumizi.

"Odessa, mpenzi," mchapishaji wake wa New York alimwambia kwa simu, "maduka hayajui yakuweke rafu gani."

"Waniweke mlangoni," alijibu.

Alijibu kwa kiburi. Lakini alipokata simu alikaa jikoni akipiga hesabu ya kodi ya nyumba, kwa sababu mkataba wake ndio ulikuwa umekwenda hivyo.

Na maneno hayohayo, kwa mdomo mwingine, ndiyo yaliyomkuta mezani kwa Bi Aili, Jumapili moja ya Novemba. Kalle alikuwa amempeleka kumtambulisha. Kulikuwa na pai za nyama za moto, kulikuwa na kabichi, na Bi Aili alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Nimeulizia habari zako maktaba," mama yule alisema bila kuinua macho. "Wananiambia uliandika mashairi, ukayaacha. Ukaandika mambo ya polisi, ukayaacha. Ukaenda kwenye sayari, nako ukaondoka. Sasa nakuuliza, Bi Whitlow. Na mwanangu utamwacha lini?"

Odessa aliweka uma chini. Alimngoja Kalle. Alingoja neno dogo tu, *Mama, basi*. Kalle, daktari wa mifugo anayeweza kuingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe anayezaa bila kutetereka, alikata kipande cha pai. Akakitazama. Hakukila, na hakusema kitu.

Odessa alichukua koti lake. Kalle alimfuata mpaka nje, kichwa wazi kwenye theluji.

"Odessa, ngoja. Mama ndivyo alivyo."

"Mama nimemsikia," alisema. "Wewe ndiye sijakusikia."

Tangu siku ile hawakuzungumza. Mji ni mdogo. Aliliona gari la Kalle dukani, kwenye kona, nje ya posta, na kila alipoliona, moyo ulimpiga kana kwamba amedaiwa. Akarudi nyumbani akaandika. Safari hii hakuandika riwaya wala shairi, aliandika mchezo wa jukwaani, kitu ambacho hakuwahi kukigusa. Alianza kwa hasira. Alitaka kumwanika yule mama mbele ya watu na kumcheka. Lakini kadiri alivyomwandika Hilma ndivyo alivyozidi kumwonea huruma, na hasira ikamponyoka mkononi bila kujua imeponyokea ukurasa gani.

Sasa pazia lilifunguka, na jiko la Hilma likawa mbele ya ukumbi mzima.

Mzaha wa kwanza ulipita kimya. Wa pili ukapita, mtu akakohoa. Odessa aliufunga mkono wa Renata ndani ya mikono yake yote miwili. Alijua kitabu kikichukiwa, mtu anakichukia nyumbani kwake na wewe huoni. Hapa alikuwa anawaona. Aliviona visogo vyao, na visogo havikusogea.

"Dess," Renata alinong'ona, "unanivunja kidole."

Jukwaani, yule mama Hilma, aliyechezwa na mwalimu mstaafu wa kemia, alimzunguka mchumba wa mwanawe kama anayenunua farasi. Akalitazama sanduku la yule msichana mlangoni. Akalipima uzito kwa mguu.

"Umekuja na viatu vya theluji," Hilma aliuliza, "au umekuja na tiketi ya kurudi?"

Mtu mwingine akakohoa.

Halafu kikaja kicheko. Kilikuwa kikavu, cha ghafla, kama mtu anayepasua kuni. Kilikatika, kikaanza tena, kikapanda juu. Watu wakageuka kutafuta kinatoka wapi, na wote wakaishia palepale, kwenye kofia nyekundu. Kalle alikuwa akimtazama mama yake kama daktari aliyeamkiwa na ng'ombe.

"Ha!" alisema Bi Aili kwa sauti, kwa ukumbi mzima. "Tiketi ya kurudi!"

Ukumbi ukapasuka. Ilikuwa kana kwamba watu wote wa mji walikuwa wakisubiri ruhusa, na mwenye ruhusa alikuwa mmoja tu. Kuanzia hapo walicheka wakati wa kucheka, na baadaye, Hilma alipobaki peke yake jikoni akipanga sahani ya tatu mezani na kuiondoa, akaipanga na kuiondoa, hapakuwa na mtu aliyekohoa. Mkate wa Hilma uliungua ndani ya oveni, moshi wa jukwaani ukatoka, naye hakuuona. Odessa alisikia mtu akipenga kamasi safu za mbele. Hakuthubutu kuangalia ni nani.

Pazia liliposhuka watu walisimama. Renata aliruka juu kabla ya wote, akapiga mbinja ya vidole kama yuko uwanja wa mpira, halafu akamvuta mdogo wake kifuani.

"Mjinga wewe," alisema, machozi yamemjaa. "Mjinga kabisa. Ulikuwa umekificha wapi hiki?"

Kwenye ukumbi mdogo wa mbele kulikuwa na kahawa na mkate wa iliki. Watu walimpongeza Odessa kwa namna ya huko, yaani kwa kumshika mkono mara moja na kusema, "Haikuwa mbaya," na yeye alishakaa nao vya kutosha kujua kwamba hiyo ni sifa kubwa. Aliitikia, akashukuru, huku macho yake yakipita juu ya mabega yao.

Watu wakampisha mtu. Kofia nyekundu ikasimama mbele yake.

"Bi Whitlow."

"Bi Aili."

"Yule bibi ni mimi."

Renata alipaliwa na kahawa. Odessa alikuwa ameandaa uongo mzuri kwa saa hii. Angesema kwamba mwandishi huchanganya watu wengi, kwamba Hilma ni bibi yake mwenyewe wa Detroit. Aliyatazama yale macho ya bluu yaliyofifia, na uongo wote ukamkimbia.

"Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

"Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alipofuta tu ile meza." Bi Aili alisogea karibu. "Mwanzo ulikuwa unanichapa."

"Nilikuwa na hasira."

"Unachapa vizuri. Halafu katikati ukaacha. Kwa nini uliacha?"

"Nilifika mahali Hilma yuko peke yake, nikawa sijui atafanya nini. Ikabidi nijiulize anaogopa nini."

"Ukapata jibu."

"Nilibahatisha tu, Bi Aili."

"Hukubahatisha." Mama yule alikigeuza kikombe mkononi mara kadhaa. Sauti yake iliposhuka, Renata mwenyewe alirudi nyuma hatua moja kuwapa nafasi. "Mke wa kwanza wa Kalle, Maureen, aliniambia anakwenda kumtazama shangazi yake Arizona. Mimi ndiye niliyemfungia chakula cha njiani. Nikasimama barazani nikampungia mkono. Kumbe nilikuwa namsindikiza moja kwa moja. Kalle alikaa muda mrefu, anakula kwa sababu nimempa, analala kwa sababu giza limeingia. Ukaja wewe. Mzuri, mcheshi, una vitabu vya kila namna. Nikasema, na huyu anapita njia."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza."

"Ulinishitaki, Bi Aili."

Mama alilitafakari lile neno kwa haki, kama anayelionja chumvi. "Nilikushitaki," alikubali. "Nilikosea. Baadaye nikaona haya, nikaenda maktaba, nikavisoma vyote majira haya ya baridi. Hata ile sayari. Sayari sikuielewa."

"Wengi hawakuielewa."

"Lakini nilichokiona nitakwambia. Mashairi yale ya ujanani, mwanamke anamngoja baba yake dirishani. Yule polisi wako, kila usiku anampigia mama yake simu. Kwenye sayari, jua haliondoki na watu bado wanangojana. Nikajiuliza, mbona wanasema huyu anabadilika? Mtu ni yuleyule."

Odessa alilirudia neno lile moyoni, yuleyule. Wahakiki walikuwa wameandika mengi kumhusu, wakamwita jasiri, wakamwita mtu asiyetulia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia neno hili ambalo alikuwa na njaa nalo miaka yote.

"Sijawahi kuacha kitu," alisema hatimaye. "Shairi likifika mahali halitoshi, natafuta kitakachotosha. Basi. Hakuna kingine."

"Sasa nimeelewa." Bi Aili alinyoosha mgongo. "Ila kuna jambo moja hukunitendea haki, na hilo sitanyamaza. Hilma anaunguza mkate. Mimi, tangu nizaliwe, sijaunguza mkate."

"Nitaurekebisha."

"Urekebishe kabla ya Jumamosi. Wanawake wa kanisani wanakuja Jumamosi." Kisha akageuka, akaita kwa sauti ya kuitia mifugo, "Kalle! Usisimame hapo kama nguzo. Njoo!"

Kalle alikuwa karibu na mlango, glavu zake amezikunja zikawa kamba. Alikuja. Ule ukumbi mdogo, uliokuwa na kelele, ukapungua kelele mara moja, watu wakitega masikio. Odessa alikuwa amesahau jinsi Kalle anavyonukia, sabuni na majani makavu. Alikuwa amesahau lile kovu dogo chini ya kidevu. Hapana, hakuwa amesahau. Alikuwa amejikataza.

"Umekonda," Kalle alisema.

"Na wewe umenyoa ndevu."

"Ng'ombe walizilalamikia."

Wote wawili wakakaribia kucheka, wakashindwa. Kalle alivuta pumzi.

"Nilinyamaza," alisema, na hakunong'ona. "Siku ile mezani. Nimekuwa najiambia kwamba nilinyamaza kwa kumheshimu mama. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilitaka kusikia jibu."

Neno hilo lilimchoma Odessa, tena lilimchoma hasa. Lakini chini ya maumivu alihisi kitu kikitulia, kama mlango uliokuwa ukigongagonga kwa upepo na sasa mtu ameufunga. Siku zote alijua kulikuwa na kitu. Sasa alikuwa ameambiwa.

"Ungeniuliza mwenyewe, Kalle. Tukiwa wawili."

"Niliogopa utanijibu."

"Ningekujibu."

"Najua. Nilikuwa mwoga, Odessa." Aligeuka upande wa mama yake. "Basi sasa, mbele yako, mbele ya dada yake, na mbele ya hawa wote wanaojifanya wanakunywa kahawa," na hapo vikombe kadhaa vikapanda midomoni kwa haraka, "nasema nilichotakiwa kukisema Novemba. Mama, basi. Huyu nampenda. Akiandika mashairi nampenda, akiandika polisi nampenda. Akiamka kesho akaandika kitabu cha mapishi, nitakula."

"Masikini," alisema Renata kwa upole. "Hajawahi kuonja wali wake."

Sasa walicheka, hata Bi Aili. Lakini Odessa aliinua mkono. Bado lilikuwapo jambo moja, na alikuwa ameapa kwamba halitasemwa kwa mlango wa nyuma.

"Kalle, sikiliza kwanza. Nimeitwa Los Angeles. Kuna watu wanatengeneza tamthilia ya televisheni, wanasema wanatafuta mwandishi asiyeogopa kuchanganya mambo. Kile kilichonikosesha mkataba New York ndicho kinachowafanya wanitake. Nimekubali. Naondoka Mei. Narudi Septemba."

Kicheko kilikatika. Mkono wa Bi Aili ulikaza kikombe. Odessa aliutazama uso wa Kalle na hakuyaondoa macho, kwa sababu hapa ndipo angejua. Aliuona woga ukija. Aliuona kwenye taya. Ulikuwa woga uleule wa Novemba. Akangoja kuona kama ataufuata.

"Televisheni," Kalle alisema taratibu. "Hiyo hujawahi kuiandika."

"Sijawahi."

"Los Angeles kuna ng'ombe?"

"Sidhani."

"Basi nitakuja Julai nipumzike." Sauti ilimkatika kidogo, akaikamata. "Na Septemba nitakuwa uwanja wa ndege, gari linanguruma, hita nimewasha."

"Septemba hakuna baridi, Kalle."

"Huku kwetu huwezi kujua."

Odessa alikwenda mwenyewe. Alivuka ile nafasi ndogo iliyobaki, akaweka paji la uso wake kifuani kwake, na mikono ya Kalle ikamfunika mzima. Hakulia. Alishusha pumzi tu, ndefu, ambayo alihisi ameishikilia tangu kwenye ile theluji ya Novemba.

"Mimi bado nina maswali," Renata alitangaza.

"Uliza, Dada Renata," alisema Kalle juu ya kichwa cha Odessa.

"Kwanza, mimi sijawa dada yako. Pili, huyu ameshalia vya kutosha, akilia tena kwa ajili yako nitapanda huku hata theluji ikinifika shingoni, na sitakuja na maua."

"Sawa, Dada Renata."

Renata alimpima tena, juu hadi chini. "Endelea kuniita hivyo hivyo," alisema mwisho. "Nione inavyosikika."

"Haya, yatosha, watu wametusikia mpaka ng'ambo ya daraja," alisema Bi Aili akivuta kofia masikioni. "Twendeni nyumbani. Nimewasha sauna tangu asubuhi, mvuke unatungoja."

"Mama! Tangu asubuhi? Kabla hujauona mchezo?"

"Nilijua ukiwa mbaya nitahitaji jasho." Akamtazama Odessa, na kwa mara ya kwanza lile jina la adabu likamtoka mdomoni, likaingia jingine. "Vaa koti, mwanangu. Nje kunauma."

Bi Aili mwenyewe ndiye aliyeendesha, maana hakumruhusu mtu usukani wake. Renata alikaa mbele. Odessa na Kalle walibanana nyuma, katikati ya blanketi na gunia la chumvi ya barabarani, mkono wake ndani ya mkono wa Kalle.

"Hiyo sauna," Renata alisikika akiuliza, "watu huingia wamevaa nini?"

"Hawavai."

"Hawavai nini?"

"Hawavai."

"Weee! Mimi? Na mama mkwe wa mdogo wangu? Detroit hawatanielewa."

"Halafu tunatoka tunajiviringisha kwenye theluji."

"Simamisha gari, Bi Aili."

"Kuna kahawa baadaye."

"Simamisha gari, nasema!"

Kicheko kile kikavu kikalijaza gari, na cha Renata kikakifuata, kinene, kisichotaka kukoma. Odessa alitaka kusema kitu. Alitaka kumtetea dada yake, alitaka kumwambia Kalle kwamba miezi yote hii usingizi ulikuwa ukimpita dirishani. Lakini bega la Kalle lilikuwa pale, na gari lilikuwa na joto, na sauti za mbele zilikuwa zimeanza kusikika kama redio ya chumba cha pili.

"Dess analala?" Renata aliuliza, akigeuka.

"Shhh," alisema Kalle.

Kabla gari halijafika darajani, Odessa alikuwa amekwisha kulala.